Mota ya Redio ya Shemeji

Miaka ile mitumba ilikuwa imeanza kuingia Mwanza kwa wingi, na mimi nilikuwa nabeba mabelo kutoka kwenye malori kwenda kwenye meza za wauzaji pale Mlango Mmoja. Nilipenda kuwa karibu wakati belo linakatwa kamba. Wenzangu walisubiri kuona mashati. Mimi nilisubiri vitu vilivyopotea njia: ufunguo kwenye mfuko wa koti, tiketi ya treni ya nchi nisiyoijua, miwani ya kioo kimoja. Siku moja, katikati ya belo la nguo za watoto, ukaanguka mfuko wa kitambaa uliofungwa mdomo kwa kamba ya kiatu. Mwenye belo akaukung'uta mezani. Vikamwagika vitofali vya plastiki, vyekundu, vya njano na vyeusi, vingi kama mahindi.

"Midoli gani hii?" alisema. "Haina kichwa wala mkono. Nani atanunua?"

"Nipe mimi."

"Una mtoto?"

"Sina."

"Basi kachezee mwenyewe," alisema, na wenzangu wakacheka mpaka jioni. Nilicheka nao, lakini mfuko nilikuwa nimeshaufunga kiunoni.

Nilikuwa nakaa kwa dada yangu, Ilemela, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea jiwe kubwa. Upande wa nyuma haukuwa na ukuta, ukuta ulikuwa jiwe lenyewe. Nilifika pale kwa wiki mbili, na mwaka ulikuwa unakwisha. Kabla ya hapo nilikaa Usagara njia panda nikipakia mchele, nikakaa visiwani nikianika dagaa, nikakaa bandarini nikibeba chochote kilichoshuka melini. Sikuwahi kufukuzwa mahali. Nilikuwa naondoka tu, mara nyingi kwa sababu nimeona kitu kinakwenda mahali na nataka kujua kinakwenda wapi.

Vitofali vile nilivimwaga juu ya jiwe la nyuma ya nyumba. Vingine vilikuwa na matundu ubavuni. Kulikuwa na vijiti vyeusi vya kupenya kwenye matundu hayo, na magurudumu yenye meno, madogo na makubwa. Siku ya kwanza sikuelewa. Siku ya pili niliweka gurudumu dogo likaumana na kubwa, nikazungusha kijiti cha dogo, na nikajaribu kulizuia kubwa kwa kidole. Kidole kilishindwa. Nilihesabu meno: dogo lilikuwa na manane, kubwa arobaini. Dogo likizunguka mara tano, kubwa linazunguka mara moja, polepole, lakini kwa nguvu. Nilikaa pale juani bila kofia nikirudia kitu hicho kimoja. Shule niliiacha darasa la tano, na hesabu ya kugawanya nilikuwa nimeikimbia. Ilikuja kunikuta juu ya jiwe, nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na nikaona aibu kwamba ilikuwa nzuri hivyo.

Baada ya wiki chache nilikuwa nimejenga winchi, kama ile ya bandarini: mguu, mkono mrefu, uzi na ndoano ya waya. Nikizungusha kwa mkono, iliinua kikombe cha maji. Shemeji, mume wa dada, aliporudi kazini alisimama akaitazama mikono ikiwa kiunoni. Alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, kimoja kati ya vile vilivyofunguliwa na wenye fedha baada ya biashara kuachiwa watu binafsi, na hata akioga kwa sabuni mara mbili ulisikia harufu yake kabla hujamwona.

"Shemeji," alisema, "winchi yako itanishushia gunia la sembe lini?"

"Bado haina mota."

"Na mwenye winchi naye hana mota," alisema dada kutoka ndani. "Maji yamekwisha toka asubuhi."

Nilikwenda kuchota maji, lakini neno mota lilikuwa limeshaingia kichwani. Katika nyumba ile mota ilikuwa moja tu, na ilikuwa ndani ya redio kaseti ya shemeji.

Redio ile ndiyo kitu cha kwanza alichonunua alipoanza kazi kiwandani. Ilikaa juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa alichofuma dada. Ilitumika kwa taarifa ya habari, kwa dansi siku za Jumapili, na kwa kaseti za mama.

Mama yetu hakujua kuandika. Alikuwa anakaa kijijini, mbele kidogo ya Magu, nyumba yetu ikiwa karibu kabisa na shule. Badala ya barua alikwenda kwa katekista, akarekodi maneno yake kwenye redio ya katekista, akampa kaseti kondakta wa basi, na dada akaenda kuipokea stendi. Tukishasikiliza, tulirekodi majibu upande wa pili na kuirudisha. Watu wengi walifanya hivyo siku zile. Lakini mama alikuwa na namna yake. Alisalimia watoto wake mmoja mmoja, kwa kufuata tulivyozaliwa, na kila baada ya salamu alinyamaza ili ajibiwe. "Mwangaluka," alisema, salamu ya asubuhi kwa Kisukuma, hata kama ni jioni, kisha kimya, kaseti ikizunguka, mpaka aone kwamba muda wa kujibu umetosha. Nasi tulijibu. Dada aliijibu ile redio kwa sauti kamili, akiwa ameinamisha kichwa.

Shemeji hakuweza kukaa chumba kimoja na mkwewe, hata akiwa ndani ya kaseti. Sauti ya mama ilipoanza tu alivua kofia, akatoka, akaegemea ukuta wa nje chini ya dirisha. Zamu yake ilipofika, alijibu kupitia dirishani.

Mimi nilikuwa wa mwisho, kitindamimba. Mama alinisalimia, akaniachia kimya changu, na mimi sikujibu. Dada alinijibia. "Yupo, mama. Mzima." Ilikuwa hivyo kila kaseti.

Nilikuwa sijafika nyumbani miaka sita. Hakukuwa na ugomvi wa maana. Nikiwa darasa la tano, msimu wa pamba, lori lilikuja kuchukua pamba kwenye ghala la ushirika, nikapanda juu ya mizigo nione inakopelekwa. Nilikaa kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba wiki tatu, nikiangalia mashine zinavyotoa mbegu. Niliporudi nilichapwa. Nikaondoka tena. Mara ya kwanza mama alikuja kunitafuta, na mara ya pili pia, kwa miguu. Mara ya tatu hakuja. Nilikuwa nimemngojea, na alipokosa kuja nilijua kwamba amechoka, na nikaona haya kurudi kwa mtu niliyemchosha. Kutoka Mwanza hadi kijijini si safari. Unaondoka asubuhi, unakula ugali wa mchana nyumbani. Nikakaa hivyo miaka sita.

Mota niliitoa mara ya kwanza siku ambayo shemeji alikuwa kazini na dada alikuwa sokoni. Skrubu nne nyuma ya redio, tatu ndani, nyaya mbili. Nilichomeka gurudumu dogo kwenye ncha yake, nikaunganisha betri, na winchi ikaanza kuinua kikombe peke yake. Sijui nieleze vipi. Nilikaa pembeni nimekunja mikono, sifanyi chochote, na kikombe kinapanda. Jioni redio ilikuwa mezani imefunikwa kitambaa chake, hakuna aliyejua.

Niliitoa tena. Ikawa mazoea. Niliongeza gurudumu juu ya gurudumu, winchi ikainua jiwe, ikainua patasi, ikainua pasi ya mkaa nusu ya njia na kukwama. Niliongeza betri mbili juu ya nne zilizokuwepo. Mota ililia, pasi ikapanda kidogo, harufu ya kuungua ikatoka. Hapo mtu mwenye akili angeacha. Mimi nilitaka kujua ndani kuna nini. Nilikunjua kifuniko cha mota kwa kisu, nikakuta kidude kidogo chenye uzito na springi, kinazunguka pamoja na mota, kimepinda. Nilikinyoosha kwa kucha. Baadaye fundi redio mmoja aliniambia kwamba kidude hicho ndicho kinachoishikilia mota isibadili mwendo, betri zikiwa na nguvu au zikiwa zimechoka. Siku ile sikujua. Nilifunga kifuniko, nikaijaribu, ikazunguka. Kwangu mimi kitu kinachozunguka kilikuwa kizima.

Wiki hiyohiyo zilikuja habari kwa mdomo wa kondakta: mama anaumwa, hainuki, anataka kusema na watoto wake. Redio ya katekista imekufa, dada aje na ya kwake, ili wale walio mbali wapelekewe kaseti.

"Kesho tunakwenda wote," dada alisema.

"Nitakuja wiki ijayo."

"Wiki ijayo una nini?"

Nilikuwa na haya, na nilikuwa na winchi. Dada akaanza kukunja khanga zake.

Betri za redio nilikuwa nimezimaliza mimi. Usiku haukuwa umeingia bado, duka lilikuwa wazi, ningeweza kumwambia shemeji anunue mpya, lakini angeuliza zile zimekwenda wapi wakati ni za juzi. Basi nilifanya kama kila mtu afanyavyo: zilikuwa zimeshinda juani juu ya jiwe mchana kutwa, nikazifuta, nikazirudisha. Betri iliyoanikwa hufufuka. Kila mtu anajua hilo. Kila mtu anajua pia kwamba haidumu.

"Redio iko sawa?" dada aliuliza asubuhi.

Niliwasha kaseti ya dansi. Mwimbaji alisikika kama amekunywa kidogo, lakini waimbaji wengi wa dansi walisikika hivyo.

"Iko sawa," nilisema.

Dada alirudi siku ya tatu, Jumapili jioni. Alisema mama amekonda, amesema maneno mengi, na hakulia. Shemeji aliweka betri mpya, akavua kofia, akatoka nje. Dada akabonyeza.

Mwanzoni mama alisikika vizuri kuliko tulivyotegemea. Sauti ilikuwa nyepesi, ya haraka kidogo, kama ya mwanamke kijana.

"Mkwe amepona huyo," shemeji alisema dirishani.

Alimsalimia kaka yetu mkubwa, akanyamaza, akasema naye. Alimsalimia wa pili. Kadiri alivyoendelea, sauti ilipanda. Alipofika kwa dada ilikuwa kama ya mtoto wa shule anayesoma kwa kukimbia, na vile vimya vya kujibu vilikuwa vifupi, dada akabaki na jibu mdomoni. Watoto wa dada wakaanza kucheka, akawatoa nje. Kisha ukasikika mlango, na baada ya mlango hakukuwa na mama tena. Kulikuwa na kifaranga. Kililia juu kwa juu, haraka, bila kupumua, kama dakika mbili hivi, kisha kitufe kikaruka.

Nilielewa kabla dada hajageuka. Betri zilipokuwa zinakufa kule kijijini, mkanda ulizunguka polepole zaidi na zaidi, na hakukuwa na kitu cha kuishikilia mota. Kilichonakiliwa polepole, kikichezwa kwa mwendo wa kawaida, kinakimbia. Na mimi nilikuwa wa mwisho.

"Umeifanya nini redio?" dada aliuliza.

Nilimwambia. Mota, pasi, kisu, betri, vyote. Shemeji, mwenye redio, alisikiliza kutoka dirishani, kichwa wazi. Tulikwenda kwa jirani mwenye redio nzuri kuliko yetu. Kifaranga kilekile. Ubovu haukuwa kwenye redio tena, ulikuwa kwenye kaseti.

"Wewe si ulikuwepo?" nilimuuliza dada. "Alisema nini?"

"Alinitoa nje. Alisema maneno ya huyu ni yake mwenyewe. Nikabonyeza vitufe, nikafunga mlango, nikaenda kukaa jikoni."

Dada aliichomoa kaseti.

"Panda basi kesho," dada alisema. "Mwambie arudie. Yuko hai, ana mdomo."

"Nipe mpaka Ijumaa."

"Ijumaa ya nini?"

"Naweza kuipunguza mwendo. Ni meno tu, dada. Dogo kwenye kubwa. Nikishasikia ndipo niende, nisiende kama mjinga."

Nimeandika maneno hayo kama nilivyoyasema. Nilikuwa nayaamini. Hata zaidi ya hayo: chini ya woga wangu kulikuwa na furaha, kwa sababu hatimaye nilikuwa na kazi ya kuifanyia vile vitofali. Jumatatu nilibomoa winchi. Jumanne nilikuwa kwa fundi redio, nikimfagilia kibanda ili anipe mota nzima kutoka kwenye redio mbovu. Jumatano niliutoa mpira wa redio kwenye mota yake, nikaupitisha kwenye gurudumu langu la plastiki. Alhamisi asubuhi kondakta alituma mtu kutuita stendi, na dada alipoona kwamba hatukuletewa kaseti, alikaa chini kwenye kokoto.

Nilifika nyumbani mchana wa siku ileile, baada ya miaka sita. Nilifika kwa ugali wa mchana kama nilivyosema, ila ulikuwa ugali wa msiba, kwenye sufuria za watu wengi. Kaka yangu mkubwa hakunigombeza. Alinipa jembe.

Baada ya msiba nilirudi Mwanza na kuendelea, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kufanya. Mashine ilikuwa na urefu wa mkono. Mota mwisho mmoja, kisha magurudumu matatu yenye meno, kisha gurudumu la mpira lililoendesha redio iliyofunuliwa mgongo. Kupunguza kwa jumla nilibadilisha magurudumu. Kupunguza kidogokidogo niligusa gurudumu kwa kidole, kama mtu anayefunga breki ya baiskeli kwa kiatu. Na ilifanya kazi. Kifaranga kilishuka kikawa mtoto, mtoto akawa mwanamke.

Lakini meno ya plastiki hayazunguki laini. Sauti ilitetemeka, kama mtu anayeongea akiwa amepakiwa nyuma ya baiskeli kwenye kokoto. Na mkanda ulionakiliwa polepole hivyo haushiki maneno vizuri, unashika mngurumo. Tulisikia mtu anaongea chumba cha pili. Ulijua ni Kisukuma, ulijua ni mama yako, hukujua anasema nini. Nilidhani nikipata mwendo wake kamili, maneno yatafunguka. Basi nilitafuta huo mwendo kamili.

"Hapo," nilisema.

"Hapana, shusha," dada alisema. "Mama hakuwa na haraka hivyo."

Nilishusha.

"Sasa huyo ni mzee wa nani?" nilisema.

"Ni mama. Alikuwa mzee. Wewe hukumwona."

Ni kweli. Mama yangu mimi alikuwa na miaka sita pungufu kuliko mama yake yeye. Nilikuwa nagusa gurudumu kumtafuta mwanamke aliyekuwa ananijia kwa miguu barabarani, na dada alikuwa anamtafuta aliyelala kitandani, na kati yao kulikuwa na upana wa kidole. Hakuna aliyekuwa na namna ya kumthibitishia mwenzake. Tulibishana hivyo siku kadhaa, kila dada alipomaliza kupika, mpaka shemeji aliposema nje ya dirisha:

"Hicho kinacholia katikati ni nini? Ti, ti, ti."

Tulirudisha mkanda. Kweli, karibu na mwisho, kulikuwa na mlio mdogo kama wa kijiko kwenye glasi. Niliupunguza. Ukawa mzito, wa chuma. Dada na mimi tukatazamana. Ilikuwa ni ringi ya trekta iliyotundikwa nje ya ofisi ya shule, ile inayogongwa kama kengele, niliyoikimbia darasa la tano. Na ringi haizeeki. Iko palepale na sauti yake ileile. Mlio wa kwenye kaseti ukilingana na mlio wenyewe, mwendo utakuwa ni ule, na mama atakuwa mama.

Sijawahi kuwa na uhakika wa kitu kama nilivyokuwa na uhakika wa hicho. Tulikwenda kijijini siku aliyopewa shemeji mapumziko, mashine ikiwa ndani ya beseni, imefungwa khanga. Nilimfuata mwalimu mkuu nyumbani kwake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe si yule mtoro wa pamba?"

"Ndiye mimi."

"Unasemaje?"

"Naomba kugonga kengele."

Alinitazama sana. "Kengele hii tuliigonga kila siku ili wewe uje," alisema. "Leo shule imefungwa ndiyo unaitaka." Lakini alikuwa amemzika mama pamoja nasi. Alinipa kile chuma cha kugongea.

Shemeji ndiye aliyechukua chuma, kwa kuwa hata sasa hakutaka kuwa ndani ya nyumba ile pamoja na sauti ile. Alisimama penye ringi, hatua hamsini kutoka mlangoni petu. Dada na mimi tuliingia chumbani kwa mama. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Niliiweka mashine sakafuni, mahali ambapo dada alisema redio ilikuwa imewekwa siku ile, ingawa hilo halikuwa na maana yoyote ya kiufundi.

"Gonga," dada alipaza sauti.

Shemeji akagonga. Mimi nikacheza ule mlio, nikagusa gurudumu. Juu mno. Akagonga tena. Chini kidogo. Dada alifumba macho, akawa ananielekeza kwa kiganja: shusha, shusha, pandisha kidogo. Mara ya tisa au ya kumi, shemeji aligonga na kaseti ikagonga, na sikuweza kusema ipi iko nje na ipi iko ndani. Sikuthubutu kuinua kidole.

"Usiguse tena," dada alinong'ona. "Rudisha kidogo."

Nilirudisha kidogo, kidole kikiwa palepale. Mngurumo ukaanza, chumba cha pili kikaanza kuongea, na katikati likatoka neno moja zima, wazi, kwa sauti ya mama yangu. Mbuzi.

Dada alifumbua macho. "Mbuzi gani?"

"Sijui."

"Mama hakuwa na mbuzi. Mbuzi wa mwisho aliuzwa hujaondoka."

Ringi ya kwenye kaseti ikaanza kulia, sawa kabisa na ile ya nje. Na hapo nikakumbuka kitu ambacho ningepaswa kukijua tangu Mwanza. Mama hakuwahi kushindana na kelele. Lori likipita, alinyamaza. Ndege wakipiga kelele, alinyamaza. Kengele ilipogongwa alinyamaza mpaka iishe, ndivyo alivyokuwa maisha yake yote. Mahali pekee nilipokuwa nimepata mwendo wake kamili, hasemi. Tulisikia ringi mara nane, na katikati ya milio tulisikia anavyopumua. Alipumua kwa shida, na taratibu, na hakukuwa na wasiwasi wowote kwamba ni yeye.

Ringi ikaisha. Mama akasema, "Umesikia?"

Ilikuwa wazi kama mtu aliyekaa pale. Kisha akaniachia kimya changu. Kilikuwa kimya cha urefu wake halisi, kwa kuwa mwendo ulikuwa halisi, na nilikuwa nimeujua urefu ule toka kaseti ya kwanza. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimesikia nini? Mbuzi. Kidole changu kilikuwa kimekufa ganzi kwenye gurudumu. Nilimtazama dada, akanitazama, akasubiri kadiri alivyoweza.

Aliinamisha kichwa kama alivyozoea.

"Amesikia, mama," alisema.

Mama akaendelea. Betri zake zilikuwa zinazidi kufa, akapanda juu ya kidole changu, akawa mtoto, akawa kifaranga, kitufe kikaruka. Nilirudisha mkanda nicheze tena, lakini nilikuwa nimeinua mkono, na nilipoushusha haukurudi palepale. "Umesikia?" ilikuwa imepanda kidogo. Nikashusha, ikashuka mno. Jasho lilikuwa limelowesha gurudumu, mpira ukateleza.

"Nigonge tena?" shemeji alipaza sauti kutoka shuleni.

Hakuna aliyemjibu. Alisubiri kidogo, kisha akagonga.